Dhana Potofu Kuhusu Mavuno ya Wakulima Wadogo wa Uganda

"Ardhi ya Uganda ina rutuba, haihitaji mbolea."

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayotugharimu zaidi. Anayesafiri kutoka Busia hadi Kampala huona kijani pande zote mbili za barabara, akaamini kwamba ardhi imeshiba. Kumbe kijani hicho ni kazi ya mvua zaidi kuliko ya udongo. Sehemu kubwa ya udongo wetu mwekundu ni wa kale, umechujwa na mvua kwa muda mrefu mno, na rutuba yake imo katika tabaka jembamba la juu lenye mboji. Udongo wa volkano wa miteremko ya Elgon na wa Kisoro una nafuu, ingawa nao huchukuliwa na mmomonyoko.

Zamani shamba lililochoka lilipumzishwa kwa miaka kadhaa. Lakini sensa ya 1991 ilihesabu watu wapatao milioni 16.7, na ya 2024 ikahesabu karibu milioni 46. Ni wangapi leo wenye ekari ya kupumzisha? Kila tani ya mahindi inayouzwa huondoka na takriban kilo 15 za nitrojeni. Malori ya matoke yanayotoka Isingiro kwenda Kampala hubeba potasiamu nyingi, ambayo huishia katika marundo ya maganda sokoni na hairudi tena mgombani.

"Mbolea ya dukani huua udongo."

Hofu hii ina chembe ya ukweli, kwa kuwa urea ikitumiwa miaka mingi peke yake huongeza asidi. Hata hivyo, mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliweka lengo la kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta, na Uganda bado iko chini sana ya kiwango hicho. Kinachoudhoofisha udongo wetu ni kuvuna mwaka hadi mwaka bila kurudisha chochote. Samadi na mbolea ya dukani hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa pamoja: katika kila shimo la mbegu, konzi ya samadi, kifuniko kimoja cha chupa ya soda cha mbolea ya kupandia, kisha udongo kidogo juu yake ili mbegu isiungue.

"Ukipata mbegu bora, umemaliza."

Mbegu bora haizai kwenye udongo uliochoka, wala haishindani na gugu la kiduha linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama huko Tororo na Busia. Tena mbegu hazifanani: mahindi ya Longe 5 mkulima anaweza kujiwekea akapanda tena misimu michache, lakini Longe 10H ni chotara, na punje zake zikirudiwa, mavuno hushuka.

"Mwenye mavuno haba ni mvivu."

Dhana hii inaniuma, kwa sababu huwaangukia wanaofanya kazi kuliko wote. Mvua za kwanza za Machi huamsha vijidudu vya udongo, navyo huachilia nitrojeni kwa wingi kwa majuma machache, kabla mvua zinazofuata hazijaisukuma chini, mizizi isikofika. Kwa hiyo siku ya kupanda ina uzito mkubwa. Huko Teso, ambako watu hulima kwa ng'ombe, mwenye ng'ombe hulima shamba lake kwanza, kisha hukodisha. Mjane asiye na jozi ya kukokota plau husubiri zamu na kupanda wa mwisho. Kisha huja palizi. Mahindi hayavumilii magugu katika majuma manne hadi sita ya mwanzo, na jembe la palizi kwa kawaida liko mikononi mwa mama yule yule anayechota maji, anayepika na anayelea. Akipanua shamba bila kuongeza mikono, magugu humtangulia. Nusu ekari iliyopaliliwa kwa wakati inaweza kumpa magunia mengi kuliko ekari nzima iliyomshinda. Kwa mkulima kama huyo, ng'ombe wa kulimia wanaofika kabla ya mvua wana faida kuliko mfuko wa mbegu ya bure unaofika Mei.