Asilimia 100.01 si ushahidi wa kura za ziada

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu ya WhatsApp: eti asilimia za wagombea urais wa Kenya mwaka 2022 zilifika 100.01, kwa hiyo kura zaidi ya 1,400 zilichomekwa.

Kujumlisha si kosa: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23 zinafika hapo kweli. Sasa chukua kikokotoo cha simu, ujumlishe kura zenyewe: 7,176,141, 6,942,930, 61,969 na 31,987. Gawanya kila moja kwa jumla hiyo, kisha zidisha kwa 100. Utapata 50.48989, 48.84906, 0.43600 na 0.22505, yaani 100 kamili. Ukibakiza tarakimu mbili baada ya nukta, zote nne zinapanda. Si kawaida zote kupanda pamoja, ndiyo maana watu hushtuka.

Wengine huchanganya vigawanyo. Idadi ya waliojitokeza hupimwa dhidi ya waliosajiliwa, kura zilizokataliwa zikiwemo. Asilimia ya mgombea hutokana na kura halali pekee.

Mwenye shaka akague fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, kituo kwa kituo. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mrudishie aliyeutuma hesabu hii.