Je, wajua nani aliyeimaliza sotoka?

Magonjwa mawili tu ndiyo binadamu amewahi kuyafuta kabisa duniani. La kwanza ni ndui, iliyotangazwa kuwa imekwisha mwaka 1980. La pili vijana wengi hawalijui hata kwa jina, ingawa babu zao walilia kwa sababu yake: sotoka, tauni ya ng'ombe. Tangazo la kutokomea kwake lilitolewa mwaka 2011 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) pamoja na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Mahali pa mwisho ambapo kirusi chake kilionekana ni hapa Afrika Mashariki, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya, mwaka 2001.

Lakini chanjo nzuri ya sotoka ilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilitengenezwa papa hapa, Muguga, karibu na Nairobi. Dozi moja ilimkinga ng'ombe maisha yake yote, na bei yake ilikuwa ndogo. Sasa ilikuwaje ugonjwa wenye dawa ya namna hiyo ukaendelea kuua kwa miaka mingine arobaini?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Sotoka ilisababishwa na kirusi kilicho ndugu wa karibu wa kile cha surua. Ng'ombe alianza kwa homa kali, kisha machozi na makamasi, vidonda mdomoni, mate yakichuruzika, halafu kuhara kusikokoma. Ndani ya wiki moja au mbili alikuwa ama amekufa ama ameanza kupona. Iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na inaaminika ililetwa na ng'ombe walioshushwa Massawa, bandari ya Eritrea ya leo, kwa ajili ya jeshi la Italia. Kabla ya mwaka 1898 ilikuwa imefika Afrika Kusini. Katika sehemu nyingi ilifagia ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Wamaasai wanakiita kipindi kile Emutai, yaani maangamizi, maana sotoka ilikuja pamoja na homa ya mapafu ya ng'ombe, ndui na njaa. Wakoloni walipofika bara na kukuta nyika tupu wakadhani ni ardhi isiyo na wenyewe, wengi wao hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba wenyewe walikuwa wamefilisika miaka michache tu iliyopita.

Chanjo ya Muguga ilikuwa kazi ya Walter Plowright na wenzake. Walichukua kirusi cha sotoka kilichokuwa kimehifadhiwa Kabete, nako karibu na Nairobi, tangu mapema karne ya 20, wakakipandikiza tena na tena kwenye seli za figo za ndama, karibu mara tisini, mpaka kikapoteza ukali na kubaki na uwezo wa kufundisha mwili kujikinga. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999 kwa kazi hiyo, na aliistahili.

Mwaka 1962 ikaanza kampeni kubwa iliyoitwa JP15. Hadi mwaka 1976 ilikuwa imepita katika nchi 22 za Afrika. Timu za serikali zilikwenda na magari na majokofu, ng'ombe wakakusanywa, wakachomwa sindano. Sotoka ikapotea karibu kila mahali. Serikali zikapumua, bajeti zikahamishiwa kwingine. Lakini kirusi kilikuwa kimejificha kwenye mifuko michache ambako magari hayakufika: mpakani mwa Mali na Mauritania, Sudan kusini, nyanda za Ethiopia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikarudi kwa hasira. Nigeria peke yake inakadiriwa kupoteza ng'ombe nusu milioni.

Tatizo lilikuwa barafu. Chanjo ile ilikuwa unga mkavu ndani ya kichupa, na unga huo ulitaka baridi tangu kiwandani hadi kando ya zizi. Fikiria safari ya kuipeleka Afar, kaskazini-mashariki mwa Ethiopia, moja ya sehemu zenye joto kali kuliko zote duniani. Unahitaji friji ya mafuta ya taa, gari lenye dizeli ya kwenda na kurudi, dereva, daktari wa mifugo na posho zao, na barafu mpya kila baada ya siku chache. Mkifika, wafugaji wameshahama juzi kufuata mvua. Mkiwakuta, kuna vita. Ng'ombe waliobaki bila chanjo ni walewale wa mwaka jana, kwa sababu zileile.

Ukombozi wa kwanza ulitoka maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jeffrey Mariner, daktari wa mifugo wa Marekani, aliboresha namna ya kuikausha chanjo ile. Kirusi kilikuwa kilekile cha Plowright. Kilichobadilika ni seli za kukikuzia na muda wa kukikausha. Chanjo mpya iliweza kukaa takriban mwezi mzima bila barafu. Ukaweza kuitia kwenye begi, ukatembea nayo kwa miguu, ukalala nayo malishoni.

Hapo ndipo swali likageuka. Kama chanjo haihitaji tena gari wala friji, je, inamhitaji bado daktari kutoka mjini?

Madaktari wachache, wakifanya kazi na UNICEF, Umoja wa Afrika wa wakati ule na mashirika yasiyo ya kiserikali, walijibu kwamba hapana. Wakaanza kuwafundisha wafugaji wenyewe. Utaratibu ulikuwa rahisi lakini wenye akili. Wazee wa jamii ndio waliomchagua mtu, na sifa walizotaka hazikuwa vyeti. Walitaka mtu anayejua ng'ombe, asiye mlevi, mwenye mifugo yake mwenyewe, na zaidi ya yote asiyetamani mjini, maana anayetamani mjini ukishamfundisha anaondoka. Mafunzo yalichukua wiki mbili hivi. Kisha akarudi kwao na sindano, chanjo na begi.

Begi hilo halikuwa na chanjo ya sotoka peke yake, na hili ni jambo ambalo wapangaji wa miradi husahau kila siku. Mwaka ambao hakuna mlipuko, sotoka si tatizo la mfugaji. Tatizo lake ni minyoo, kupe, nagana (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o) na ndama wanaokufa. Mtu akija kila mwaka kumchoma ng'ombe wake kwa ajili ya ugonjwa asiouona, huku ule anaouona haugusi, safari ya tatu hatamkuta. Kwa hiyo wahudumu hawa walibeba pia dawa za minyoo na za magonjwa mengine, wafugaji wakachangia gharama kidogo, na chanjo ya sotoka ikapita kwenye mlango uliokwisha kufunguliwa.

Matokeo yalishangaza hata walioanzisha. Sudan kusini, katikati ya vita, ng'ombe waliochanjwa mwaka 1993 walizidi milioni moja, mara kadhaa zaidi ya mwaka uliotangulia. Kule Afar, wahudumu ishirini hivi waliotoka kwa Waafar wenyewe walichanja ng'ombe zaidi ya 70,000 kwa msimu mmoja, tena kwa ubora ambao timu za serikali hazijawahi kuufikia pale. Baada ya mwaka 1995 sotoka haikuonekana tena Afar.

Si kila mtu alifurahi. Madaktari wengi wa mifugo, Kenya wakiwamo, walipinga vikali mtu asiyesoma chuo kushika sindano. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi zote: dawa zikitumiwa ovyo vijidudu huzoea, na sheria za nchi kadhaa hazikumtambua kabisa mhudumu wa namna hiyo. Ila hoja nyingine ilikuwa ya tumbo, na tuseme wazi. Lakini daktari aliyeogopa kunyang'anywa kazi hakuwa na mteja hata mmoja Sudan kusini wala Afar. Huwezi kunyang'anywa soko ambalo hujawahi kukanyaga.

Nusu ya pili ya kisa hiki ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu safari hii wafugaji hawakuwa mikono tu bali macho.

Mwaka 1994 nyati na tandala walianza kufa katika Hifadhi ya Tsavo, wengine wakiwa vipofu. Vipimo vikaonyesha sotoka, tena aina ambayo wanasayansi hawakuwa wameiona Afrika Mashariki kwa miaka zaidi ya thelathini na waliyodhani imekwisha. Ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Ng'ombe wa maeneo yale hawakuwa wakifa kwa mafungu. Takwimu za serikali zilikuwa kimya.

Jibu walikuwa nalo wafugaji. Aina hii ya kirusi ilikuwa pole kwa ng'ombe: homa fupi, machozi, kuhara kidogo, hasa kwa mitamba na madume wa mwaka mmoja au miwili, na wengi wakapona. Mfugaji wa Kisomali alikuwa na jina lake, shifow, na hakuliona jambo la kumpigia daktari simu. Mmaasai anayeijua olodua, sotoka kali ya hadithi za wazee, naye angeweza kukueleza tofauti.

Ili kuyapata maarifa hayo, Mariner na wenzake walitumia mbinu ambayo kwa sura inaonekana kama soga tu. Daktari anakaa chini ya mti na wafugaji. Hataji sotoka. Ukitaja ugonjwa unaoutafuta, watu wenye adabu watakupa unachotaka kusikia, hasa ukiwa umekuja na gari la mradi. Anauliza tu: ng'ombe wenu wanasumbuliwa na nini? Wanataja majina kwa lugha yao. Kila jina linachorewa duara mchangani. Kisha anatoa kokoto mia moja na kuwaomba wazigawe: ugonjwa unaoshika ng'ombe wengi upewe nyingi, unaoshika wachache upewe chache. Wanabishana, mmoja anasogeza kokoto tano kutoka hapa kwenda pale, mzee anazirudisha mbili. Baadaye wanagawa tena, sasa kwa dalili: machozi yako wapi, kuhara kuko wapi, kufa kuko wapi. Daktari anaandika. Maduara yanayoonyesha machozi, kuhara na vidonda vya mdomo kwa mitamba ndiyo anayoyafuatilia kwa vipimo vya damu.

Kwa njia hiyo ramani ya kifuko cha mwisho ikachorwa, katika nyika zinazounganisha Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Madaktari wa wanyamapori nao walifanya yao, wakiwadunga nyati sindano za usingizi na kupima damu. Nyati mchanga ambaye hajawahi kuchanjwa na hana kinga ni ushahidi kwamba kirusi hakijapita hapo tangu azaliwe. Ofisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia rasilimali za mifugo, iliyoko Nairobi, ndiyo iliyoziweka nchi hizo tatu meza moja, na Umoja wa Ulaya ukalipa sehemu kubwa ya gharama.

Kisha likaja ombi gumu kuliko yote: acheni kuchanja. Kipimo cha damu hakikuweza kutofautisha kinga iliyotokana na chanjo na ile iliyotokana na ugonjwa. Ili nchi ithibitishe kwamba sotoka imekwisha, ng'ombe wake vijana walipaswa kuwa na damu isiyo na alama yoyote, yaani wasio na kinga hata kidogo. Ukimwomba hivyo mtu ambaye babu yake alibaki na fimbo ya kuchungia bila ng'ombe wa kuchunga, unamwomba akuamini kwelikweli. Serikali nazo ziliogopa, na baadhi zilichelewa. Mwishowe zote ziliacha, na ugonjwa haukurudi.

Ng'ombe hawakufaidi peke yao. Miaka ya mwanzo ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa robo milioni hivi, kwa sababu ndama wao walikuwa wakifa kwa sotoka waliyoambukizwa na ng'ombe wa jirani. Chanjo haikumgusa nyumbu hata mmoja; walichanjwa ng'ombe tu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa zaidi ya milioni moja. Mtalii anayelipa dola kutazama wakivuka Mto Mara anatazama pia kazi ya wachanjaji wa ng'ombe, ingawa sijawahi kusikia mwongoza watalii akilitaja.

Sasa wanaofanya kazi hii wamehamia kwa ndugu wa kirusi kile, sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo mwaka 2015 mataifa yalikubaliana mjini Abidjan kuimaliza ifikapo 2030. Chanjo ipo na inafanya kazi vizuri. Kazi ni nyingine. Mbuzi huzaa haraka na huuzwa haraka, kwa hiyo kundi lililochanjwa mwaka huu, baada ya miaka miwili limejaa watoto wasio na kinga, na sindano lazima irudi. Tena bei ya mbuzi ni ndogo. Mfugaji aliyekuwa tayari kuchangia kwa ajili ya fahali wake anapiga hesabu tofauti kwa mwanambuzi, na mhudumu aliyetembea siku nzima kwa mguu naye lazima ale. Nani atamlipa, serikali, mradi au mwenye mbuzi, ndilo swali linalobishaniwa hivi sasa.