Miezi tisa ilitoka wapi: kingamwili za mama na chanjo ya surua

Swali ambalo akina mama wa Bukavu, hapa mashariki mwa Kongo, huniuliza mara nyingi kuliko mengine yote kuhusu chanjo ni hili: ikiwa surua huwaua watoto wadogo, kwa nini mtoto achanjwe dhidi ya kifua kikuu punde tu anapozaliwa, apewe chanjo za pepopunda, kifaduro na polio akiwa na wiki 6, 10 na 14, halafu asipewe ya surua mpaka atimize miezi tisa? Mama mmoja wa Kadutu, mtaa wa mjini humu, aliyekuja kupimisha mtoto wake, aliniuliza hivyo akiwa ameifungua kadi ya chanjo juu ya goti, kidole chake kikipita kwenye nafasi iliyo kati ya sindano za wiki ya 14 na mstari wa mwezi wa tisa. «Daktari, hapa katikati munangoja nini?» Nilimjibu kwamba tunangoja ulinzi wake yeye mwenyewe uishe. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa kidogo, kwa hiyo nilivuta kiti.

Mtoto hazaliwi mikono mitupu. Kingamwili, yaani chembe za damu zinazotambua vijidudu na kuvizuia, za aina ya imunoglobulini G huvuka kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto kupitia kondo la nyuma, na hazivuki kwa kupenya ovyo, bali hushikwa na kipokezi maalumu upande wa mama na kuachiliwa upande wa mtoto. Kazi hiyo huanza polepole karibu na mwezi wa nne wa ujauzito, lakini sehemu kubwa ya mzigo huvushwa katika wiki za mwisho, ndiyo maana mtoto aliyetimiza siku zake huweza kuzaliwa na kiasi kinacholingana na cha mama yake au hata kukizidi, ilhali njiti hutoka kabla mzigo haujavuka wote. Malaria inapokaa kwenye kondo la nyuma hupunguza uvushaji huo, na virusi vya UKIMWI katika mwili wa mama hufanya vivyo hivyo, jambo ambalo katika eneo letu si dogo hata kidogo. Maziwa ya mama ni habari nyingine. Kingamwili zake hufanya kazi nzuri tumboni mwa mtoto, dhidi ya kuhara hasa, lakini hazirefushi kinga yake dhidi ya surua. Nalisema hili kwa tahadhari, kwa sababu sitaki mtu asome blogu hii halafu aache kunyonyesha.

Mzigo huo aliorithi mtoto hauongezeki tena baada ya kitovu kukatwa. Unapungua tu. Kwa makadirio, nusu ya kingamwili za surua alizozipata kwa mama hupotea kila baada ya wiki sita hivi. Tuchukue mtoto aliyezaliwa na miliyuniti 2,000 (kipimo cha wingi wa kingamwili) kwa kila mililita ya damu: akiwa na wiki 6 atabaki na 1,000, wiki ya 12 atakuwa na 500, wiki ya 18 atakuwa na 250, na wiki ya 24 atakuwa amefika 125, yaani ukingoni kabisa mwa ile miliyuniti 120 ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kiwango cha kumkinga mtu. Sasa tuchukue jirani yake aliyezaliwa na 500 tu. Huyo atafika ukingoni akiwa na wiki 12, kabla hata hajamaliza chanjo zake za mwanzo. Watoto wawili wa nyumba zinazopakana, wenye umri mmoja na uzito mmoja, mmoja amelindwa na mwingine yu wazi, na hakuna jicho la muuguzi linaloweza kuwatofautisha.

Mtu angesema basi, tuwachanje wote wakiwa na miezi mitatu. Ugumu ni kwamba chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo havina budi kuzaana kidogo mwilini ndipo mwili uvitambue na kujifunza. Kingamwili za mama hazijui kwamba hawa ni wageni walioalikwa. Huvikamata na kuvizima kabla somo halijaanza. Baya zaidi ni kwamba kiasi cha kingamwili ambacho hakitoshi tena kumkinga mtoto na surua ya mtaani bado chaweza kuiharibu chanjo. Kwa hiyo kuna majuma ambayo mtoto ameshapoteza ulinzi wa mama lakini bado hawezi kufaidika barabara na sindano, na pengo hilo halizibiki lote kwa kuchagua tarehe nzuri zaidi. Kuongezea hapo, mfumo wa kinga wa mtoto wa miezi sita wenyewe bado ni mchanga: hata pale ambapo hakubaki na kingamwili za mama, hutengeneza za kwake kwa uchache kuliko mtoto wa mwaka mmoja.

Miezi tisa ni bei waliyokubaliana watu waliopima hasara mbili, na bei hiyo haikuwa moja kila mahali. Marekani, chanjo ya kwanza ilipoidhinishwa mwaka 1963, ilitolewa kuanzia miezi tisa; mwaka 1965 ikasogezwa hadi miezi 12, na mwaka 1976 hadi miezi 15, kwa sababu surua ilikuwa imepungua na wangeweza kumudu kungoja ili chanjo ishike vizuri. Afrika haikuwa na anasa hiyo. Uchunguzi uliofanywa Kenya katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba ukichanja mapema mno watoto wengi hawashiki kinga, na ukichelewa mno surua inawafikia kabla yako, na Shirika la Afya Duniani likasimama kwenye miezi tisa kwa nchi ambazo ugonjwa bado umeenea. Katika umri huo takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga. Wakichanjwa wakiwa na miezi 12, hufika kama 95. Dozi ya pili kazi yake kubwa ni kuwaokota wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Kuna waliojaribu kuikwepa bei hiyo kwa nguvu. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo yenye kiasi kikubwa zaidi cha virusi, itolewe kwa watoto wa miezi sita katika maeneo yenye vifo vingi vya surua, kwa hoja kwamba wingi ungezishinda kingamwili za mama. Kingamwili zilishindwa kweli. Lakini ufuatiliaji uliofanywa Guinea-Bissau, Senegali na Haiti ulionyesha kwamba wasichana waliopewa chanjo hiyo walikufa zaidi katika miaka iliyofuata, bila surua kuwa sababu, na mwaka 1992 pendekezo likaondolewa. Kila ninaposikia mwenzangu akisema «tuongeze tu dozi», huikumbuka habari hii.

Linalonishughulisha zaidi siku hizi, hata hivyo, ni mabadiliko ya mama wenyewe. Mtu aliyeugua surua akapona hubaki na kinga ya muda mrefu mno: mwaka 1846 daktari Mdenmark Peter Panum aliona katika Visiwa vya Faroe kwamba wazee waliougua katika mlipuko wa 1781 hawakuguswa na mlipuko uliokuja miaka 65 baadaye. Bibi wa watoto ninaowaona wengi wao waliugua utotoni, na kingamwili walizowarithisha watoto wao zilikuwa nyingi. Mabinti zao walichanjwa. Chanjo iliwaokoa, lakini huacha kingamwili chache kuliko ugonjwa, na hivyo watoto wao huanza maisha na akiba ndogo inayoisha mapema. Pengo linapanuka kwa sababu ya mafanikio yetu wenyewe, nasi bado tunatumia kalenda iliyopimwa kwa kizazi cha akina bibi. Dawa ya hilo si kumchanja kila mtoto mapema, maana watoto wanaochanjwa mapema mno huelekea kuwa na kingamwili chache hata baada ya dozi zinazofuata; ni kuwazungushia watoto hao wachanga watu waliokwisha kuchanjwa, wasiopungua 95 kati ya 100, ili surua isipate mlango.

Hapo ndipo tunapokwama. Katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 watoto zaidi ya 460,000 waliugua nchini mwetu na karibu 8,000 walikufa, wengi wao wakiwa na umri chini ya miaka mitano. Sababu ni nyingi, vita na barabara zikiwemo, lakini nyingine ni ndogo kiasi cha kuaibisha. Chupa ya chanjo ya surua huwa na dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya muda wa saa sita. Muuguzi akiona watoto watatu tu kwenye benchi, huogopa kuulizwa kuhusu dozi saba zilizopotea, na huwaambia mama warudi Jumanne. Mama aliyepanda kilima cha Kadutu na mtoto mgongoni hatarudi Jumanne.

Panapokuwa na mlipuko, au watu wamehama na kubanana kambini, hesabu inageuka, na mtoto huchanjwa kuanzia miezi sita. Mwaka 2023, surua ilipoingia katika kambi za wakimbizi wa ndani pembeni mwa Goma, kungoja miezi tisa kungekuwa ukatili. Dozi hiyo ya mapema huitwa dozi sifuri, na jina lenyewe ndilo agizo: haihesabiwi. Mtoto lazima apate ya kwanza akitimiza miezi tisa, na ya pili baadaye, kana kwamba ile haikuwepo.

Kwenye kadi zetu, bahati mbaya, hakuna mstari wa sifuri. Wiki chache zilizopita aliletwa kwangu mtoto wa miezi kumi na moja ambaye familia yake ilihama kutoka kambi mojawapo ya Goma. Alidungwa huko akiwa na miezi sita na nusu, na aliyemdunga aliandika tarehe kwenye mstari pekee wa surua uliokuwepo. Alipofika miezi tisa, kituo kimoja cha afya kiliutazama mstari ule uliojaa, kikampongeza mama na kumrudisha nyumbani. Nilihesabu miezi kutoka tarehe ya kuzaliwa mara mbili, mama akinifuata kwa vidole vyake, kisha nikaandika 0 kando ya tarehe ile ya kwanza na kuizungushia duara. Watoto walikuwa wanne asubuhi hiyo. Muuguzi alinitazama, akaitazama chupa, akaifungua.