Oili nzito si ulinzi: kuchagua oili ya injini na kuimwaga mwenyewe

Swali ninaloulizwa sana gereji si "gari langu linataka oili gani?" Ni hili: "Fundi, nitie nzito au nyepesi?" Na kabla sijafungua mdomo, muulizaji ameshajijibu: nzito, kwa kuwa gari ni la siku nyingi, kwa kuwa jua ni kali, kwa kuwa aliyemuuzia alikuwa akitia hiyo hiyo. Miaka niliyolala chini ya magari haijanionyesha imani inayokula injini kimyakimya kama hii.

Tuanze na namba zilizoandikwa kwenye kopo, maana zinasomwa vibaya. Chukua 5W-30. Wengi hudhani W ni ya uzito. Hapana, ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Mfumo huu ni wa SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na mizizi yake ni ya mwaka 1911. Namba ya mbele ya W inaeleza oili inavyojiendesha ikiwa ya baridi: 5W hupimwa kama injini itaweza kuzunguka katika nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W katika nyuzi 25 chini ya sifuri, 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya nyuma inaeleza unene wake ikiwa nyuzi 100, yaani joto la injini iliyokwisha kuchemka. Kwa hiyo 5W-30 na 10W-30 injini ikiwa ya moto zimo daraja moja. Tofauti yao ni asubuhi.

Hapo mtu huniambia: "Mimi sijawahi kuona theluji, ya asubuhi yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Kwa injini, baridi ni kila wakati ambapo haijafika joto lake la kazi. Oili ya kawaida ya 15W-40 ikiwa nyuzi 40 huwa nzito kama mara saba kuliko ikiwa nyuzi 100, na nyuzi 40 tayari ni joto ambalo mwanadamu analilalamikia. Usiku kucha oili imeteremka kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini. Ukiwasha, pampu inaivuta kutoka chini na kuisukuma hadi kwenye kamushafti, mtaimbo unaofungua valvu kule juu, na kwa sekunde hizo chuma kinategemea utando mwembamba uliobaki tangu jana. Oili nzito hufika kwa kuchelewa. Kusagika kwingi kwa injini huanzia hapo, si barabarani tu.

Injini za siku hizi zimezidisha jambo hili. Nafasi kati ya beringi na krankishafti, mtaimbo mkuu unaozungushwa na pistoni, ni finyu, vijitundu vya oili ni vyembamba, na mifumo ya kubadili majira ya valvu husukumwa na presha ya oili yenyewe. Mhandisi alipiga hesabu zake kwa oili ya 0W-20. Wewe ukimimina 20W-50 umempa mtu uji auvute kwa mrija wa soda. Atauvuta, lakini mtazame mashavu.

Je, hakuna gari linalostahili oili nzito? Lipo. Vitabu vingi vya magari vina jedwali la hali ya hewa, na ndani yake utakuta gari moja limeruhusiwa 5W-30 hata 10W-40 kulingana na joto la unakoendesha. Injini iliyochoka inayokunywa oili yaweza kutulia kidogo ukipanda ngazi moja, ikiwa jedwali linaruhusu. Ngazi moja, si tatu. Na ujue hapo hujatibu kitu, umempa mgonjwa dawa ya maumivu.

Namba ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni herufi, na hapa ndipo watu wanapouziwa oili ya babu zao. Geuza kopo utafute API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Herufi zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, na kwa petroli kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya: SL ni ya 2001, SN ya 2010, SP ya 2020, na SQ ilianza kupewa leseni Machi 2025. Kipya hubeba cha zamani, kwa hiyo gari lililoandikiwa SM halitadhurika na SP. Kinyume chake ndicho kibaya. Oili ya SF bado inauzwa kwa bei ya kuvutia macho, ilhali API yenyewe inaonya kwamba haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Na SP haikuletwa kwa urembo: injini ndogo za turbo zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wa mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati zikiwa mzunguko mdogo na mzigo mkubwa, mlipuko unaoweza kupasua pistoni, na dawa zilizomo kwenye oili zinahusika moja kwa moja kuuzuia au kuuchochea.

Kwa dizeli tazama kwa makini zaidi. CK-4 inachukua nafasi ya CJ-4 na CI-4, lakini FA-4, iliyotoka wakati mmoja nayo, ni nyepesi na imekusudiwa injini maalumu tu. Usiitie kwa kuwa eti nayo ni mpya. Dizeli yenye chujio la masizi kwenye egzosti inataka oili yenye majivu machache, aina ambayo Wazungu wa ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, huipa herufi C (si C ile ya API). Masizi huchomwa yakaisha. Majivu ya oili hayachomeki. Yanajikusanya humo hadi chujio linaziba, na bei ya chujio hilo itakufanya ukae chini. Pikipiki nayo ina yake: nyingi klachi yake huogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, kwa hiyo tafuta JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani. Ukiipa oili ya gari ya kuokoa mafuta, klachi itaanza kuteleza nawe utamlaumu aliyekuuzia klachi.

Kuhusu sinthetiki sina maneno mengi. Ni bora, hustahimili joto na hukaa muda mrefu. Lakini oili ya kawaida yenye namba na herufi sahihi, ikimwagwa kwa wakati, inashinda sinthetiki ya gharama isiyo na herufi inayotakiwa. Na ile hadithi kwamba ukishatia sinthetiki huwezi kurudi nyuma, au kwamba zikikutana zinagandana, iache. Oili za injini zenye leseni hutakiwa ziweze kuchanganyika.

Haya, tulale chini.

Washa injini dakika chache tu, ipate uvuguvugu. Oili ya moto kabisa itakuunguza mkono, ya baridi itaacha uchafu chini. Gari liwe mahali tambarare, hendibreki juu, magogo kwenye tairi. Ukiliinua, liweke juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia, haikutengenezwa ili mtu alale chini yake, na hili sina mzaha nalo hata kidogo. Fungua kwanza kifuniko cha juu cha kujazia oili: hewa inapita, nawe umehakikisha kinafunguka kabla hujamwaga chochote.

Kisha tafuta boliti ya sampu. Nasema tafuta, sisemi fungua. Nikiwa mwanagenzi niliachiwa gari dogo la otomatiki nimwage oili peke yangu. Nikaingia chini, nikaona boliti ya chini kabisa, nikaifungua kwa kujiamini. Ikatoka oili safi, ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikafurahi: gari limetunzwa hili! Nikafunga, nikamimina lita nne mpya juu, nikawasha. Injini ikanguruma kwa uzito wa ajabu, moshi wa buluu nyuma, na nilipoweka gia gari halikwenda popote. Mzee aliyekuwa akinifundisha akachomoa kijiti cha kupimia, akakiangalia, akaniangalia mimi. "Mwanangu, injini imekula mara mbili, giaboksi imelala njaa." Ile oili safi ilikuwa ya giaboksi. Siku nzima nilifanya kazi ya kumwaga nilichomimina na kumimina nilichomwaga.

Tangu hapo nina desturi moja. Kabla ya kushika spana nashika sampu ya injini kwa macho: inaning'inia chini ya injini yenyewe, na filta ya oili kwa kawaida haiko mbali nayo. Giaboksi iko pembeni au nyuma yake. Na kinachotoka kinajieleza. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia iliyokoza. Ikitoka nyekundu, au nyangavu kupita kiasi, rudisha boliti haraka kabla haijaisha.

Boliti hufunguliwa kinyume cha mshale wa saa ukiwa umeitazama uso kwa uso. Aliyelala chali hupotea hapo kirahisi, akakaza akidhani anafungua. Ikishalegea, izungushe kwa vidole huku ukiibana kuelekea juu, halafu iondoe kwa mpigo mmoja. Vaa glavu, kwani oili iliyotumika imebeba vitu ambavyo ngozi haipaswi kuvizoea. Acha itiririke mpaka ibaki matone. Robo saa si nyingi.

Wakati inadondoka, isome. Weusi peke yake si tatizo. Oili ina dawa ya kushika masizi ili yasigande kwenye chuma, basi ikiwa nyeusi maana yake inafanya kazi, na ya dizeli huwa nyeusi siku ile ile uliyoitia. Cha kukutia wasiwasi ni rangi ya maziwa, dalili ya maji, mara nyingi kutoka gasketi ya silinda hedi; au harufu kali ya petroli; au vumbi la chuma linalometameta ukiielekeza kwenye mwanga. Ukiona mojawapo, oili mpya haitakuwa jibu.

Filta ndiyo mahali pa ajali ya pili. Ukishaifungua, angalia mpira wake umetoka nayo. Mara nyingine hubaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira miwili haishikani, na presha ikipanda oili yote itarushwa nje kwa muda mfupi. Pangusa pale inapokaa, pakaza oili mpya kwenye mpira, kaza kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu za mzunguko au kama maandishi ya filta yanavyosema. Usitumie spana kukazia. Atakayeifungua mwakani ni wewe.

Boliti ya sampu iweke wosha mpya, maana wosha ya shaba au ya alumini hubonyea ili izibe na hufanya hivyo vizuri mara moja tu. Ianzishe kwa vidole mizunguko kadhaa. Ikigoma, imeingia upande. Toa, anza upya. Sampu nyingi ni za alumini, na nyuzi za tundu la boliti hazimpendi mwenye nguvu. Kipimo cha kukaza kiko kwenye kitabu.

Wakati wa kujaza, usimimine lita zote zilizoandikwa kwa mara moja. Anza na pungufu ya nusu lita. Washa: taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, na isipozima, zima injini papo hapo. Iache dakika moja, chungulia chini kwenye filta na boliti, zima, subiri dakika kama kumi, pima. Ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu. Kupita alama si ukarimu: krankishafti ikifikia oili inaipiga kama mayai, na povu halilainishi chuma.

Lini tena? Fuata kitabu, lakini soma pia ukurasa wa matumizi magumu ambao watu huuruka. Vumbi, mizigo, foleni, na hasa safari fupi fupi. Gari linaloenda kilomita tatu kisha likazimwa halipati joto la kukausha maji na petroli vinavyopenya kwenye oili, na oili yake huchafuka upesi kuliko ya gari la safari ndefu. Kama gari linatembea kidogo sana, hesabu miezi, achana na kilomita.

Oili ya zamani irudishe kwenye madumu yaliyobaki, peleka wanapoipokea. Husafishwa upya ikatumika tena. Usiimwage mtaroni wala ardhini. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, husema oili ya gari moja ya mara moja yaweza kuchafua galoni milioni moja za maji yasiyo ya chumvi, kama lita milioni 3.8.

Usiku huo tandaza kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, kitazame. Kikiwa kikavu, pima oili mara ya mwisho injini ikiwa ya baridi, andika kilomita na tarehe kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya boneti.