Kisu Hakikati Maziwa

Mama mkwe alishuka kwenye daladala ya Uyole na chupa mbili za chai, moja ya uji wa ulezi uliokolea pilipili manga, nyingine ya maji ya moto. Ndani ya kapu, chini ya kanga, alikuwa na pakiti ya glukosi. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Mbeya inayowafanya watu wazima waegemee ukuta saa nne asubuhi kuota jua kama mijusi, na kesho yake nilikuwa naingia kwenye kisu changu cha pili, yaani kujifungua kwa upasuaji.

Cha kwanza kilikuja ghafla, usiku, na mtoto alishanyweshwa maji ya sukari kabla sijamwona vizuri uso. Hiki cha pili kilikuwa na tarehe kwenye kadi ya kliniki. Anayejua tarehe ya kisu anajua pia siku ya kuanza kunyonyesha, na maneno mengi atakayoambiwa kitandani anaweza kuyajibu mapema, akiwa bado anatembea.

Dhana: Mtoto hakupita njia ya kawaida, kwa hiyo maziwa hayatoki

Maziwa hayaulizi mtoto kapita mlango gani. Yanasubiri kondo la nyuma. Likiwa bado tumboni, homoni ya projesteroni inayazuia. Likishatoka, liwe limesukumwa na mama au limetolewa na mkono wa daktari, homoni hiyo inashuka na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, inapata nafasi ya kufanya kazi. Tena maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, yaani dang'a, huanza kutengenezwa tangu katikati ya mimba.

Hapo kuna jambo linanishangaza. Mfugaji wa Tukuyu hawezi kumnyima ndama dang'a, anajua atamkosa. Lakini katika nyumba hiyohiyo utasikia ya mama yakamuliwe chini kwa sababu "ni machafu". Rangi hiyo ya njano si uchafu. Ni maziwa yaliyojaa kinga.

Ukweli uliofichwa ndani ya dhana hii ni kwamba maziwa mengi, yale ya kujaza titi, yanaweza kuchelewa. Kwa kawaida huja siku ya pili au ya tatu; baada ya upasuaji yanaweza kusogea mpaka ya nne au ya tano, hasa mama na mtoto wakitenganishwa kwa saa nyingi, au maumivu yakiwa makali. Kuchelewa si kukosa. Siku ya kwanza dang'a hupimwa kwa kijiko cha chai, na tumbo la mtoto siku hiyo nalo ni dogo.

Dhana: Basi apewe glukosi wakati tunasubiri

Hii ndiyo iliyokuwa ndani ya kapu. Mtoto aliyeshiba maji analala, na aliyelala hanyonyi. Kila anaponyonya anatuma oda ya maziwa ya kesho. Asiponyonya, oda haijafika. Unaona jinsi glukosi ya siku ya kwanza inavyozaa kilio cha "sina maziwa" siku ya nne, kisha kopo la maziwa ya dukani.

Wapo watoto wanaohitaji nyongeza kweli: sukari ikishuka mwilini, mama akiwa na kisukari, mtoto akizaliwa mdogo sana. Hilo linaamuliwa na daktari baada ya kupima, si na shangazi baada ya kusikia kilio. Na hata hapo, cha kwanza kutafutwa ni dang'a lililokamuliwa na kunyweshwa kwa kijiko au kikombe kidogo.

Kwa hiyo nilijifunza kukamua kwa mkono kabla. Niliuliza kliniki kwanza, kwa sababu si kila mjamzito anaruhusiwa; mwenye kondo lililokaa chini, aliyewahi kutokwa damu au mwenye dalili za uchungu wa mapema anaambiwa asubiri. Mimi niliruhusiwa kuanzia wiki ya 37. Kidole gumba juu, viwili chini, nyuma kidogo ya ule weusi unaozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana taratibu, achia. Usivute chuchu. Mara ya kwanza nilipata matone manne nikafurahi kama nimeuza gunia la viazi.

Mama mkwe nilimkabili usiku ule ule.

"Mama, shikamoo tena. Ile glukosi naomba uinywe wewe kwenye chai."

"Marahaba. Na mtoto akilia?"

"Uniletee kifuani, Mama. Hiyo ndiyo kazi yako kubwa kesho."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza anatakiwa asimame upande gani wa kitanda.

Dhana: Ganzi na dawa zimeharibu maziwa, usubiri zitoke mwilini

Sindano ya mgongo inakuacha macho, na dawa yake haifiki kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja, na aliyezaliwa kwa kisu hakutengwa. Aliyelazwa usingizi kabisa ataanza akishaamka na kuweza kumshika. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki, pamoja na antibayotiki za kawaida za upasuaji, haziondoi ruhusa ya kunyonyesha. Za kuulizia ni tramadoli na kodeini. Kujikaza na maumivu "kwa ajili ya mtoto" ni hasara, maana maumivu huzuia maziwa kushuka.

Dhana: Mtoto atapata baridi kifuani, na mshono utafumuka

Kwa hofu ya baridi, huku kwetu mtoto anafungwa mablanketi matatu na kulazwa peke yake kama kifurushi cha basi la Tunduma. Kifua cha mama kina joto kuliko mablanketi hayo. Akishafutwa akauka, avishwe kofia na nepi, alazwe ngozi kwa ngozi, kisha kanga na blanketi viwafunike wote wawili, pua ikiwa wazi. Mama akiwa bado anashonwa, kifua cha baba nacho kinafaa. Awepo mtu macho, kwa sababu mama mwenye dawa anasinzia.

Kuhusu mshono, mlaze mtoto mwili wake usipite juu ya tumbo: kwapani, miguu ikielekea nyuma yako, au mlale ubavu mkitazamana. Ukiwa bado umelazwa chali, alazwe kwa kukingama juu ya kifua.

Dhana: Uji wa pilipili manga ndio unaofungua maziwa

Uji ni mtamu, unashibisha na unakata kiu, basi unywe ukiruhusiwa kula. Kinachofungua maziwa ni titi kunyonywa au kukamuliwa. Iringa niliwahi kusikia mama akishauriwa glasi ya ulanzi. Huo hapana: pombe inapita kwenye maziwa, na inazuia homoni inayoyashusha.

Dhana: Mwenye VVU aliyepasuliwa asinyonyeshe kabisa

Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa yenye maambukizi ya juu nchini, kwa hiyo tusizungumze kwa mafumbo. Mama anayemeza ARV bila kuruka, na mtoto wake akapewa dawa ya kinga, ananyonyesha. Miezi 6 ya kwanza iwe maziwa yake matupu. Kuchanganya na vyakula vingine kipindi hicho ndiko kunakoongeza hatari. Glukosi imerudi tena, unaona.

Utajuaje anashiba? Hesabu nepi zilizolowa: siku ya kwanza walau moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, na kuanzia ya tano sita au zaidi kwa saa 24. Choo cheusi kiwe kimegeuka njano kufikia hapo. Ikiwa sivyo, au mtoto analegea na hataki titi, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.

Kwetu mama mkwe ndiye aliyehesabu, kwa njiti za kiberiti alizopanga dirishani. Siku ya tano zilikuwa saba, na pakiti ya glukosi ilikuwa imeisha kwenye chai yake.