Kusaka makundi ya namba tasa: anza na kalamu, programu itafuata

Wanafunzi wangu hapa Lubumbashi huanza na swali lilelile: "Prof, nipakue programu gani?" Nami nawarudishia maswali mawili. Unataka kundi la umbo gani? Namba zako zina tarakimu ngapi? Asiye na majibu hayo ataunguza umeme bure, hata akiazimwa mashini ya bei kali.

Kundi ninalolisema hapa ni namba tasa zilizobanana kadiri hesabu inavyoruhusu. Mapacha hupishana kwa 2, kama 11 na 13. Wanne ni kama 101, 103, 107, 109. Sita ni kama 97, 101, 103, 107, 109, 113. Umbo lake tunaliandika 0, 4, 6, 10, 12, 16, yaani umbali kutoka namba ya kwanza. Si kila umbo lina uhai. Umbo 0, 2, 4 lina 3, 5, 7 basi, maana katika namba tatu za namna hiyo lazima moja igawanyike kwa 3.

Sasa shika kalamu. Chukua umbo la sita, uhakikishe hakuna namba yake inayogawanyika kwa 2, 3, 5 au 7. Utakuta kwamba ukiliacha kundi linaloanzia 7, namba ya kwanza ikigawanywa kwa 210 lazima ibakize 97. Katika namba 210 zinazofuatana, moja tu ndiyo ya kuangalia! Ongeza 11 na 13: katika kila namba 30,030 zinabaki 35. Kazi hiyo inamalizika kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na hakuna prosesa mpya itakayokupa kasi kama hiyo.

Kwa namba ndogo, zile zisizozidi 2 kwa kipeo cha 64 (tarakimu 20 hivi), sioni sababu ya kuhangaika: chukua programu ya primesieve ya Kim Walisch. Inatumia chekeche la Eratosthenes (njia ya kale ya kufuta namba zinazogawanyika kwa kila tasa) kwa vipande vidogo vinavyoenea kwenye kumbukumbu ya karibu kabisa na prosesa, na kasi yake inatoka hapo. Andika

primesieve 1e9 -c4

nayo itakuhesabia makundi ya wanne chini ya bilioni moja. Jibu ni 28,388. Ukiweka -c2 utapata jozi za mapacha 3,424,506. Inafika hadi makundi ya sita, na ukiweka p mahali pa c itayachapa yenyewe badala ya kuyahesabu.

Kwa anayetaka kuelewa anachofanya, napendekeza PARI/GP, programu ya hesabu iliyozaliwa Bordeaux, Ufaransa, kwa kazi ya Henri Cohen na wenzake. Ni bure, na kwa asiye na kompyuta ipo PariDroid ya simu. Mistari hii inatosha:

v=[0,4,6,10,12,16];
forstep(n=97,2*10^6,210,ok=1;for(i=1,6,if(!ispseudoprime(n+v[i]),ok=0;break));if(ok,print(n)))

Itakutolea 97, 16057, 19417, 43777, 1091257, 1615837 na 1954357. Angalia ile 210: ndiyo kazi ya kalamu yetu ya hapo juu. Angalia pia break: namba moja ikianguka, yaani si tasa, zilizobaki haziguswi kabisa.

Ukipanda kwenye tarakimu 100 mambo yanabadilika, na hapo ndipo nasikia "Prof, mashini imetumika usiku muzima na hakuna kitu." Wanahisabati Hardy na Littlewood walitoa mwaka 1923 kanuni ya kukadiria wingi wa makundi haya. Haijathibitishwa, ila kila hesabu ya kompyuta inaiunga mkono. Kwa umbo la sita, tafuta logi asilia ya namba yako, ipandishe logi hiyo kwa kipeo cha 6, kisha gawanya 17.3 kwa jibu hilo. Penye tarakimu 100 unapata kundi moja katika namba trilioni 8.6 hivi. Ukichukua zile 35 za kila 30,030, bado una watahiniwa (namba za kuanzia zinazongoja kupimwa) bilioni 10 kwa kila kundi moja. Chekecha kwa tasa zote hadi milioni moja: wanabaki kama 671,000. Hadi bilioni moja: kama 59,000. Na kati ya hao wa mwisho, zaidi ya wanne kwa watano wataanguka kwenye jaribio la kwanza kabisa.

Kwa hiyo kuchekecha na kupima ni kazi mbili, na programu nzuri ni ile inayokuachia uamue mpaka kati yake. Kanuni ya wenye fani ni hii: endelea kuchekecha maadamu kumwondoa mtahiniwa mmoja kwa chekeche kunachukua muda mfupi kuliko kumpima. Muda ukilingana, hamia kwenye kupima. Namba za maelfu ya tarakimu zipime kwa OpenPFGW, inayotumia maktaba ya kuzidisha ya George Woltman, ileile iliyo ndani ya programu yake ya Prime95. Ipo pia rieMiner, ya wale wanaosaka makundi ili kupata sarafu ya kidijitali ya Riecoin. Inachekecha vizuri, ila kwa bei ya mafuta ya jenereta hapa kwetu simshauri mtu aitegemee kwa chakula.

Kuhusu umeme kukatika, nitasema kifupi: programu isiyoandika kwenye faili mahali ilipofika, achana nayo. Katika GP ongeza mstari wa kuandika n kila baada ya hatua milioni moja.

Halafu hakiki. Mwaka 1994 mwanahisabati Thomas Nicely alikuwa akijumlisha kinyume cha namba tasa pacha (yaani 1 ikigawanywa kwa kila moja), na jozi 824633702441 na 824633702443 ikampa tarakimu zisizolingana. Kosa lilikuwa ndani ya prosesa ya Pentium yenyewe, na Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya sakata hilo. Mimi kila programu mpya naianzisha kwa ile 28,388. Ikikosa hata moja, siendelei nayo.

Tena, programu ikikujibu "inaelekea kuwa tasa", huo bado si uthibitisho. Mapacha wa umbo k × 2ⁿ ± 1 wana bahati: ukiondoa 1 kwa mmoja au ukiongeza 1 kwa mwenzake, unabaki na namba ambayo vigawo vyake unavijua, na uthibitisho unakuwa rahisi. Ndiyo maana jozi iliyopatikana mwaka 2016 kupitia PrimeGrid (mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao), 2996863034895 × 2¹²⁹⁰⁰⁰⁰ ± 1, ina tarakimu 388,342. Makundi ya sita hayana njia hiyo ya mkato kwa wanachama wote. Wengi wao utawapeleka mmoja mmoja kwenye programu ya Primo ya Marcel Martin, inayotumia mikunjo ya duaradufu, na tarakimu zikiwa maelfu, uthibitisho wa namba moja unaweza kula siku nyingi. Ukiamua kupanda juu, uweke muda huo kwenye mpango tangu siku unayochagua umbo.