Kiswahili cha Uganda si lugha ya wezi

Ukizungumza Kiswahili ndani ya teksi jijini Kampala, huenda abiria mmoja akakuuliza kwa utani: "Afande, unashukia wapi?" Nyuma ya utani huo kuna imani kongwe, kwamba anayejua Kiswahili Uganda ni askari au mwizi.

Imani hiyo haikuzuka hewani. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles liliamrisha kwa Kiswahili, na jeshi la Uganda huru likaendelea hivyo hivyo. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa. Kwa hiyo raia wengi, hasa Buganda, walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, bunduki ikiwa mbele yao. Ukisikia lugha kwa mtu mwenye bunduki tu, utadhani wasemaji wake wote wana bunduki.

Lakini hesabu hiyo iliacha watu wengi nje: mama anayeuza samaki wakavu Busia, dereva wa lori anayesubiri mpakani Malaba, vibarua, wachuuzi. Hao hawakumtisha mtu, basi hawakukumbukwa. Tena Kiswahili kilifika ikulu ya Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, katika miaka ya 1840 na wafanyabiashara wa pwani, waliotafuta pembe za ndovu. (Nao hawakuwa malaika, waliuza bunduki na kununua watumwa.)

Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili. Siku hizi, nikiulizwa ninashukia wapi, hujibu: "Sokoni, Owino."